Shavu la Kulia la Gairoku

Morioka, 6 Februari 2023

Kwa Bwana Inagaki Tokuzo, Shizuoka

Bwana Inagaki,

Najua barua ya heshima huanza kwa kutaja hali ya hewa na kuulizia afya. Basi: theluji imefika magotini, na afya yako iwe nzuri tafadhali, maana nina kazi na wewe. Naitwa Kuramochi Chizuru. Nina miaka hamsini na miwili, nina duka la dobi karibu na mto hapa Morioka, na hakuna mtu Japani nzima anayemjua Gairoku, yule roboti wa katuni, kunizidi mimi. Sijigambi. Kila mwaka mashabiki hufanya shindano la maswali. Nimelishinda mara saba, na mara ya nane wakaniomba niwe mtunga maswali ili wengine nao wapumue.

Wewe ndiye uliyechonga kalibu ya Gairoku wa plastiki wa mwaka 1981, yule wa kuunganisha kwa gundi. Jina lako nililiona mwaka jana kwenye maonyesho ya kiwanda chenu cha zamani, kwa herufi ndogo kama za dawa ya kikohozi, chini ya kioo. Kando yake palikuwa na mchoro wa kichwa cha Gairoku, umesainiwa na mchoraji Ogushi Haruyoshi. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunizungukazunguka.

Kwa sababu kwenye mchoro ule kovu liko shavu la kulia!

Unalijua kovu ninalolisema. Sehemu ya kumi na mbili ya katuni ya televisheni, Gairoku anaziba paa la shule kwa uso wake, shavu linapasuka, na yule bibi mhunzi analichomelea na kubaki na mshono mnene. Kwenye televisheni mshono uko kushoto. Kwenye plastiki yako uko kulia. Filamu ya 1984, kulia. Hadithi za picha, kushoto. Mchezo wa redio, mtangazaji anasema kabisa, "akaegemeza shavu lake la kulia ukutani." Watu walidhani ni ovyo ovyo tu. Mimi nikiwa na miaka kumi na moja niligundua ukweli: Gairoku wako wawili. Wa kushoto alilinda shule. Wa kulia ni pacha wake, aliyeundwa kwa siri. Nimeandika vijarida arobaini na sita kuhusu jambo hili, na watunga riwaya na watu wa mchezo wa kompyuta wameshaufuata ushahidi wangu.

Sasa mji wa Minasato, ambako hadithi yenyewe inatokea, unasimamisha sanamu ya Gairoku ya chuma, mita tisa. Nipo kwenye kamati kwa niaba ya mashabiki, na tarehe 20 Juni tunapiga kura kovu likae shavu gani. Nahitaji neno lako moja tu: kwamba mkurugenzi wa katuni mwenyewe aliagiza kiwanda kiweke kovu kulia. Nimeambatanisha karatasi, nimeshaiandika yote. Wewe tia saini. Stempu nimeweka.

Wako katika chuma,
Kuramochi Chizuru


Shizuoka, 19 Februari 2023

Bi Kuramochi,

Miti ya plamu imeanza kuchanua huku. Nina miaka themanini na minne. Mambo ya 1981 siyakumbuki vizuri, na mkurugenzi wa katuni sikuwahi kumwona. Karatasi yako nairudisha bila saini pamoja na stempu yako, na chai kidogo ya hapa kwetu kwa usumbufu wa kunitafuta.

Inagaki Tokuzo


Morioka, 25 Februari 2023

Mzee Inagaki,

Chai ni nzuri mno, na wewe ni mwongo mno. Samahani, lakini mimi ni dobi. Mtu akiniletea koti na kusema hili doa hajui limetoka wapi, huwa najua anajua.

"Siyakumbuki vizuri." Mtu aliyesahau huandika "sikumbuki." Mume wangu Isao nimemsomea barua yako mezani, akasema, "Huyo mzee hataki kusumbuliwa, Chizuru, mwache anywe chai yake." Nikamwambia, "Wewe kula tambi zako." Mimi nimekuelewa. Mliapishwa! Mkurugenzi alikuja, au alituma mtu, mkaambiwa msiseme. Na wewe umetunza kiapo chako miaka arobaini na miwili. Machozi yalinitoka, sikufichi.

Basi hutanitajia jina la aliyekuja. Niambie tu kazi yenyewe. Unajua mimi sijawahi kuiona kalibu kwa macho yangu? Nimemwona Gairoku kwenye televisheni, kwenye sinema mara thelathini na moja, nimemsoma, nimemsikia redioni nikiwa nimejifunika blanketi, nimemwendesha kwenye kompyuta mpaka Isao akachomoa waya. Lakini yule niliyemgusa kwanza alikuwa wako. Nilikuwa mtoto asiye na marafiki. Nilikuwa na meno makubwa na mama aliyeanika nguo za watu wengine. Nikamuunganisha Gairoku kwenye meza ya jikoni, gundi ikanivuruga kichwa, nikamtazama, nikaona kovu liko upande mwingine. Pale pale, peke yangu, bila kuambiwa na mtu yeyote, nikajua wako wawili. Tangu siku hiyo sikuwahi kuwa mtu mdogo tena. Unaelewa?

Chizuru


Shizuoka, 20 Machi 2023

Bi Kuramochi,

Kuna joto la mapema mwaka huu. Nikiri jambo moja: katuni hii sikuwahi kuitazama. Wakati ule nilikuwa natoka kiwandani macho yameisha, nalala. Binti yangu Mitsuko ameniazimia diski maktaba. Nimeona sehemu kumi na nane. Huyo roboti anaongea sana. Bibi mhunzi yuko sawa. Anashika nyundo anavyopaswa kushika.

Umeuliza kazi. Kalibu ni pande mbili za chuma cha pua, zinafungwa, plastiki ya moto inaingia katikati. Uso wa Gairoku ulikuwa shimo. Pua yake ilikuwa bonde, macho yake yalikuwa vilima. Mshono wa shavuni, ambao kwenye plastiki umeinuka, mimi niliuchimba kwa tindo kama mfereji. Sehemu kubwa ya umbo ilikatwa kwa mashine, lakini mshono niliuchonga kwa mkono, kwa kutazama karatasi ya mchoraji. Ulinichukua siku mbili.

Na kila kitu ni kinyume. Ukiinamia kalibu, unautazama uso kwa ndani, kama mtu anayetaka kuvaa barakoa. Kilicho kulia kwako kwenye mchoro kinapaswa kuwa kushoto kwako kwenye chuma. Mwanafunzi tunamfundisha hilo wiki ya kwanza. Tunampa kioo kidogo, akishachonga atazame humo kabla hajamwita mtu. Kioo changu ninacho bado.

Nakuomba jina langu usiliweke popote.

Inagaki


Morioka, 2 Aprili 2023

Mzee Inagaki!

Sehemu kumi na nane! Isao nimemlazimisha apige makofi. Subiri ufike ya thelathini na moja, uweke taulo karibu.

Barua yako nimeisomea kamati kwa simu, ile sehemu ya shimo na vilima. Mwenyekiti Segawa akasema, "Mama Kuramochi, huyo mzee lazima jina lake liwekwe kwenye kibao cha sanamu." Nikasema lazima. Hutaki, najua. Utaliona limechongwa pale kisigino na utanishukuru kwa chai nyingine. Kati ya wajumbe tisa nina hesabu ya sita upande wangu. Shavu la kulia limeshashinda.

Amebaki mmoja wa kunipandisha presha, Nakazato, daktari wa meno, kiongozi wa wale wa kushoto. Miaka ishirini tunatukanana kwa adabu kwenye mikutano ya mashabiki. Yeye anasema hakuna pacha wala nini. Anasema ule mchoro kwenye maonyesho ni uzembe tu. "Ogushi alikuwa mchoraji mzembe, alichora kinyume, kiwanda kikaona aibu kikamtoa kwenye uchoraji." Anadai mfanyakazi wa zamani alimthibitishia. Ameiandika kwenye kitabu chake, jina kamili, ukurasa wa tisini na nne: Ogushi Haruyoshi, mtu aliyemharibia Gairoku uso.

Mimi ninamtetea Ogushi wako. Ninasema alichora alichoagizwa. Kwa hiyo ukitia saini unamsafisha na yeye. Karatasi hii hapa tena. Stempu ile ile uliyonirudishia.

Chizuru mshindi


Shizuoka, 11 Aprili 2023

Bi Kuramochi,

Sina maneno ya hali ya hewa leo.

Ogushi hakuwa mzembe. Katika miaka kumi na tisa niliyofanya naye kazi sikuona mstari wake hata mmoja uliopotea. Mchoro alionipa ulikuwa na kovu shavu la kushoto, kama kwenye televisheni. Mimi ndiye niliyechonga kinyume.

Nilikuwa na miaka ishirini kwenye kazi. Niliuweka mchoro mbele yangu, nikainamia chuma, nikachonga kovu upande ule ule nilioliona kwenye karatasi, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kioo kilikuwa mfukoni. Sikukitoa. Nilijiamini.

Agosti ile masanduku yakaenda madukani, na walioona kosa ni watoto. Msimamizi akatuita wakati wa chakula cha mchana, akaweka Gairoku mezani kati ya bakuli zetu. Akauliza, "Nani?" Mke wangu alikuwa na mimba ya Mitsuko. Oktoba nilikuwa nifanywe mkuu wa chumba cha wachongaji. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, kwa sababu Ogushi alikuwa ameshasema. Akasema, "Mimi. Nilichora kinyume. Inagaki alifuata karatasi tu." Akaenda kuileta karatasi. Alikuwa ameichora upya asubuhi ile, kovu likiwa kulia, na tarehe ya zamani. Ndiyo hiyo uliyoiona chini ya kioo.

Baadaye kwenye mabomba ya kunawa nikamwuliza, "Umefanya nini?" Akasema, "Mimi watanihamisha chumba. Wewe watakunyang'anya tindo. Nawa mikono, kengele inalia."

Walimhamisha. Hakuchora tena mpaka alipostaafu. Tulikuwa tukipishana kwenye ngazi, tukisalimiana, tukisema leo mvua, leo jua. Sikumwomba radhi. Sikumshukuru. Kila mwaka uliopita ulinifanya nione haya zaidi kuanza. Alikufa 2004. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma, na hata pale sikusema.

Hakuna aliyeagiza kitu. Hakuna pacha. Kuna mzee mmoja ambaye hakutoa kioo mfukoni. Najua nakuharibia kitu kikubwa. Lakini siwezi kuacha jina la Ogushi likae kwenye ukurasa wa tisini na nne.

Fanya na barua hii utakavyo.

Inagaki Tokuzo


Shizuoka, 8 Mei 2023

Bi Kuramochi,

Karibu mwezi mzima sijapata jibu lako. Sikulaumu. Nimefika sehemu ya thelathini na moja. Niliweka taulo karibu kama ulivyosema.

Inagaki


Morioka, 21 Mei 2023

Mzee Inagaki,

Nimekasirika wiki tano. Nilikukasirikia wewe, Ogushi, Isao, na mteja mmoja aliyekuja kudai suruali. Niliichana barua yako, nikaiunganisha kwa gundi. Gundi ile ile ya Gairoku, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Nilikaa nikajiuliza kwa nini nina hasira hivi, wakati wewe umesema ukweli. Na jibu nilikuwa nalijua. Nilikuandikia kwamba niligundua peke yangu, jikoni, bila kuambiwa na mtu yeyote. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wote. Nimesema hivyo kwenye redio, na kwa mume wangu. Si kweli.

Nilipomwunganisha Gairoku na kuona kovu liko kulia sikugundua pacha yeyote. Nililia. Kisha nikaandika barua kiwandani, barua ya matusi, nikasema mmemharibu, nyinyi hamtazami hata televisheni, rudisheni pesa za mama yangu. Baada ya mwezi likaja jibu, limeandikwa kwa mkono. Nakala hii hapa:

"Kwa Chizuru. Asante kwa macho yako makali. Umeona sawasawa: huyu ana kovu shavu la kulia. Lakini una hakika kwamba huyu ndiye yule unayemwona kwenye televisheni? Mtazame tena taratibu. Pengine wako wawili. Mmoja wanamjua wote. Wa pili anafanya kazi mahali ambapo hakuna anayemwona, na hanung'uniki. Ukigundua yuko wapi, tuandikie."

Hakuna jina. Upo muhuri tu: Chumba cha Barua za Wateja, 14 Novemba 1981.

Na ndani ya bahasha kulikuwa na kichwa kingine cha Gairoku. Kovu la kulia limekwanguliwa mpaka shavu likawa laini, na la kushoto limewekwa jipya kwa mkono. Picha yake nimeambatanisha. Nimekificha kwenye kopo la vifungo kwa miaka arobaini na miwili, kwa sababu mtu angekiona angeuliza kimetoka wapi.

Mzee, walimhamishia Ogushi chumba gani?

Chizuru


Shizuoka, 27 Mei 2023

Bi Chizuru,

Chumba cha Barua za Wateja. Ghorofa ya chini, karibu na stoo ya maboksi. Alikaa humo mpaka alipostaafu, akijibu watoto waliopoteza mikono na miguu ya roboti zao.

Mwandiko ni wake. Ningeujua hata gizani. Hiyo herufi ya mwisho ameivuta kama kawaida yake. Na picha ya kichwa nimeiweka chini ya kioo cha kukuzia. Ule mshono wa kushoto ni uzi wa plastiki uliolainishwa kwa moto wa mshumaa na kubanwa kwa ncha ya sindano. Nilimfundisha mimi, tulipokuwa vijana, siku ya mvua, kwa mchezo tu. Alikuwa na mkono mzito kwa kazi ile. Hapa ameifanya vizuri.

Mitsuko alinikuta nalia mezani akadhani nimeumwa. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Akaniuliza, "Baba, kwa hiyo mimi ndiyo sababu?" Nikamwambia hapana, mama, sababu ni mimi. Akakaa na mimi mpaka chakula kikapoa.

Alikuwa akijaribu kunifunika hata kwa mtoto wa miaka kumi na moja ambaye hanijui. Kosa langu akaligeuza kuwa hadithi. Wewe ukailea.

Nina ombi. Kovu liwekwe shavu la kushoto, alivyochora. Na kibao cha kisigino nikichonge mimi. Najua mko karibu na wafua chuma wa Morioka wanaotengeneza birika kwa kumimina chuma cha moto kwenye kalibu. Nitachonga kalibu, wao wamimine.

Inagaki


Morioka, 22 Juni 2023

Mzee wangu,

Kaa chini.

Kura ilikuwa juzi, ukumbi wa mji wa Minasato. Nilivaa suti niliyoipiga pasi mwenyewe, mistari ungeweza kukatia mkate. Mikononi nilikuwa na barua yako, barua ya Ogushi, na kopo la vifungo. Segawa akasema, "Mama Kuramochi, tunajua utasema nini, lakini sema." Kicheko. Nakazato alikuwa mbele yangu amekunja mikono, ana sura ya mtu anayesubiri kung'oa jino.

Nikasema, "Nimekuwa nikiwadanganya tangu nikiwa darasa la tano."

Nikasoma zote mbili. Yako kwanza. Ilipofika ile ya Ogushi, pale "hanung'uniki," nikaishusha karatasi. Mama mmoja wa idara ya bustani, anayemwona Gairoku kama bomba la maji lenye miguu, akainuka akaniletea maji. Nikafungua kopo, nikaweka kichwa mezani katikati yao, kama msimamizi wenu alivyofanya, isipokuwa sikuuliza nani.

Nilidhani Nakazato atasherehekea. Ameshinda, si ndiyo? Hakuna agizo, kovu ni kushoto. Akakichukua kile kichwa kwa vidole viwili, akakigeuzageuza kwenye mwanga kama meno ya bandia. Akasema, "Huyu mtu nimemwita mzembe."

Nikamwambia, "Ukurasa wa tisini na nne."

"Najua ukurasa, Kuramochi, nimeuandika mimi." Halafu akasema, "Nitautoa. Nitaandika mwingine. Utanisaidia?"

"Kwa masharti," nikasema.

"Ningeshangaa kama ungekosa."

Kura tisa kwa tisa. Shavu la kushoto. Mimi nimepigia kura shavu la kushoto, mzee, mkono ulipanda wenyewe. Mashabiki wangu wameniandikia maneno mazito tangu jana. Wengine wanasema nimemuua pacha. Nimewajibu kwamba pacha yupo, anaitwa Ogushi, na toleo la arobaini na saba la kijarida litakuwa lake lote. Najua ninachokisema. Nimekuwa sahihi miaka yote kwamba wako wawili. Nilikosea tu nani wa pili.

Kibao ni chako. Mwenye karakana ya birika, Bwana Oikawa, anasema utume wakati wowote, ila anataka kujua maneno yatakuwa mangapi.

Chizuru wako


Shizuoka, 30 Septemba 2023

Chizuru,

Machungwa bado ni ya kijani. Kalibu nimeituma leo kwa gari la mizigo, imefungwa kwa blanketi la mke wangu marehemu. Mwambie Bwana Oikawa ni maneno manne. Nilitaka niongeze moja linalonihusu mimi, Mitsuko akasema, "Baba, mwachie nafasi." Nikamwachia.

Imenichukua miezi mitatu. Zamani ingenichukua siku sita. Mkono wa kushoto unatetemeka, kwa hiyo Mitsuko alikuwa akinishikia kiwiko.

Nimechonga kinyume, inavyotakiwa. Nimetazama kwenye kioo changu mara nyingi sana, lakini mimi siku moja nilikosea na sijiamini tena peke yangu. Kabla hawajamimina chuma, iweke mbele ya kioo chako, pale wateja wanapojitazama na makoti yao. Isome. Kama kuna kosa niambie bila kunionea huruma, nitaanza upya.

Inagaki Tokuzo


Morioka, 4 Oktoba 2023

Mzee wangu,

Imefika salama. Isao na mimi tuliibeba pamoja mpaka mbele ya kioo kikubwa cha dukani. Nilishindwa kuangalia, nikafumba macho kabisa, mimi Kuramochi niliyeshinda mara saba. Mlango ukalia. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu aliyefuata koti lake la baridi, akainama mbele ya kioo na kusoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kukwama:

"Ogushi Haruyoshi alichora sawasawa."

Kisha akanigeukia akauliza, "Ogushi ndiye nani?"

Nikamvutia kiti.

Chizuru